Sindano Ikishatumika: Mwongozo Kamili wa Kuzuia Maambukizi ya Damu Katika Zahanati na Kituo cha Afya

Wanaosimamia kinga ya maambukizi kwenye zahanati zetu hukuta kasoro zilezile robo baada ya robo. Kifuniko cha sindano kimerudishiwa. Sanduku la usalama limejaa mpaka mdomoni na sindano zinachungulia. Ndoo ya klorini ipo, lakini hakuna anayejua ilichanganywa lini wala kwa kipimo gani. Na kuna mtumishi aliyejichoma juzi ambaye hajamwambia mtu.

Mafunzo yameshatolewa na mabango yako ukutani. Mara nyingi kinachowaangusha watumishi ni mpangilio wa chumba: mgonjwa yuko hapa, sanduku liko kule mlangoni, na katikati mtu anatembea na sindano yenye damu mkononi. Ndiyo maana mwongozo huu unashikilia kanuni moja: sindano iliyotumika isisafiri zaidi ya urefu wa mkono wako, na isiguswe na mkono mwingine mpaka iteketezwe.

Unawahusu wauguzi, wakunga, matabibu, watu wa maabara na wahudumu wa usafi. Maambukizi tunayoyazungumzia hasa ni VVU, homa ya ini B na homa ya ini C. Mgonjwa mwenye virusi hivi hatambuliki kwa kumtazama, kwa hiyo tahadhari ni zilezile kwa kila mgonjwa, awe mgeni au jirani yako. Pale mwongozo wa wizara ya nchi yako unapotofautiana na kilichoandikwa hapa, fuata wa wizara.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Masanduku ya usalama, yale ya njano ya karatasi ngumu ya lita 5: moja kila mahali panapochomwa sindano, na ya akiba kabatini.
- Mabomba ya sindano ya kutumika mara moja, pakiti zikiwa hazijachanika wala kulowa. Yanayojifunga yenyewe yakishatumika ndiyo bora, na kwa chanjo usitumie mengine.
- Glavu za uchunguzi, glavu tasa za kuzalishia na kushonea, glavu ndefu zinazofika kwenye kiwiko, na glavu nene za mpira za mhudumu wa usafi.
- Aproni za plastiki, miwani ya kinga, barakoa na mabuti.
- Maji yanayotiririka na sabuni (penye mgao wa maji, ndoo yenye koki), pamoja na kitakasa mikono.
- Klorini, jagi lenye alama za vipimo, ndoo za plastiki zenye vifuniko, brashi laini na sabuni ya maji.
- Ndoo za taka zenye mifuko myeusi, ya njano na myekundu.
- Daftari la matukio ya kujichoma, na dozi za kuanzia za PEP, yaani dawa za kuzuia VVU baada ya ajali.

Fedha za kituo zisipotosha kwa vyote, anza na masanduku na glavu nene. Aproni nzuri haimsaidii mtu anayekusanya sindano sakafuni kwa mkono mtupu.

## Hatua ya 1: Chanja kila mtumishi dhidi ya homa ya ini B

Watu wengi wanaogopa VVU tu. Mtu akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni kama 3 kati ya 1,000. Kwa homa ya ini C ni chini ya 2 kati ya 100. Kwa homa ya ini B, kama hujachanjwa, ni kati ya 6 na 30 kwa kila 100. Virusi vya homa ya ini B pia huishi nje ya mwili kwa angalau siku 7, hata kwenye tone la damu lililokaukia mezani ambalo hulioni.

Na kati ya hayo matatu, hili ndilo lenye chanjo. Ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi 1, na baada ya miezi 6 tangu ile ya kwanza. Tanzania na Kenya zilianza kuwachanja watoto wachanga mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo mtumishi aliyezaliwa kabla ya hapo asidhani alichanjwa utotoni.

Angalizo. Wanaosahaulika ni walewale kila mahali: mama wa usafi, kijana anayechoma taka, na wanafunzi waliokuja kwa mafunzo ya vitendo. Hao ndio wanaokutana na sindano ambayo hawakuitumia wao na hawajui ilitoka kwa nani.

Utajua umefanikiwa faili la kila mtumishi likiwa na tarehe tatu. Tarehe mbili ni chanjo isiyokamilika. Penye maabara yenye uwezo, pima kinga mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya tatu.

## Hatua ya 2: Panga chumba upya

Kaa kwenye kiti unachokalia unapochoma sindano. Nyoosha mkono unaoshika bomba. Pale vidole vinapofika, ndipo sanduku la usalama linapokaa.

Kimo chake kiwe kati ya kiuno na macho, ili uone tundu bila kuinama na bila kuinua mkono juu ya kichwa. Usiliweke sakafuni. Kliniki ya watoto mama akimshusha mtoto aliyeanza kutambaa, kitu cha kwanza anachokiendea ni boksi la njano linalong'aa.

Wodini, sanduku linakwenda na wewe kitandani, juu ya troli au sinia. Muuguzi anayechoma sindano za wagonjwa wanane kisha akarudi na mabomba manane kwenye sinia amejitengenezea hatari mara nane.

Jifunze kulikunja sanduku vizuri. Ndimi za chini zina mpangilio wake, umechorwa ubavuni. Zikifungwa ovyo, siku ya kulibeba kitako kinafunguka na sindano zinamwagikia miguuni. Ukishalikunja, libonyeze kitako kwa ngumi kabla hujatia chochote.

Utajua umefanikiwa ukimtazama mwenzako akichoma sindano, na kutoka kuichomoa mpaka kuidondosha kwenye sanduku hajainuka kitini wala hajageuza mgongo.

## Hatua ya 3: Mikono na glavu

Nawa kwa maji na sabuni kwa sekunde 40 hadi 60, au sugua kitakasa mikono kwa sekunde 20 hadi 30 kama mikono haina uchafu unaoonekana. Fanya hivyo kabla ya kumgusa mgonjwa na baada yake, na kila unapovua glavu. Kidonda au mkwaruzo wowote mkononi ufunikwe kwa plasta isiyopitisha maji kabla ya zamu.

Glavu moja, mgonjwa mmoja. Glavu zilizooshwa na kuanikwa kambani zina matundu madogo usiyoyaona, na unyevu hupenya. Sindano ya kawaida ya msuli kwenye ngozi nzima haihitaji glavu. Kutoa damu na kuweka kanula vinahitaji. Kituo kinachomaliza glavu kwa sindano za msuli ndicho kinachozikosa leba usiku.

## Hatua ya 4: Sindano yenyewe

Kwanza jiulize kama inahitajika. Wagonjwa wetu wanapenda sindano, na wengi watakuambia waziwazi: "Daktari, vidonge havinishiki, nichome sindano." Kama dawa ya kumeza inatosha, toa dawa ya kumeza na umweleze kwa nini. Sindano ambayo haikuchomwa haimwambukizi mtu.

Ikihitajika, fungua pakiti mgonjwa akiona. "Mama, hii ni mpya, naifungua mbele yako." Sentensi hiyo inamtuliza yeye na inakuzoesha wewe.

Mambo manne hukosewa hapa.

Pamba zilizolowekwa. Lile kopo la pamba na spiriti linalokaa mezani tangu asubuhi litoke. Kila mkono unaoingia mle unaacha kitu, na spiriti inapotelea hewani. Chukua pamba kavu safi, tia spiriti ya asilimia 60 hadi 70 wakati huohuo, pangusa, kisha subiri sekunde 30 ngozi ikauke.

Sindano iliyoachwa kwenye kizibo. Kichupa cha dawa ya ganzi au cha maji ya kuchanganyia dawa kinakaa na sindano iliyochomekwa, kila anayekuja anavuta. Ichomoe. Kila mvuto ni sindano mpya na bomba jipya, na kizibo kinapanguswa kwa spiriti kwanza. Andika tarehe uliyofungua kichupa. Siku 28 zikifika, au mapema zaidi kama mtengenezaji ameelekeza hivyo, kitupwe. Kichupa cha dozi moja ni cha mgonjwa mmoja, hata kama dawa imebaki.

Kubadili sindano na kubakiza bomba. Unapochomoa, damu kidogo hurudi ndani ya bomba hata kama huioni. Sindano mpya kwenye bomba la zamani inapitisha damu ya mgonjwa wa kwanza. Mwaka 1976 huko Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati ule, hospitali ilianza kila siku na mabomba matano kwa wagonjwa wote, yakisuuzwa tu kwa maji ya uvuguvugu kati ya mtu na mtu. Ebola ilisambaa kwa njia hiyo kabla ya kujulikana kuwa ni ugonjwa gani.

Kalamu ya kutobolea kidole. Kwenye kliniki za kisukari ile kalamu yenye springi ni ya mtu mmoja nyumbani kwake. Kubadili kisindano pekee hakutoshi, kwa sababu ncha ya kalamu nayo hupata damu. Kituoni tumia visindano vya kutupa, vinavyorudi ndani vyenyewe. Mashine ya kupimia sukari ipanguswe kila baada ya mgonjwa.

## Hatua ya 5: Sekunde kumi baada ya kuchomoa

Hapa ndipo watu wanapojichoma. Kazi imeisha, macho yamehamia kwa mgonjwa anayefuata, na mkono wa kushoto unatafuta kifuniko.

1. Kabla hujachoma, hakikisha tundu la sanduku liko wazi na linakutazama.
2. Chomoa, bonyeza pamba kavu kwa mkono mwingine, au mwombe mgonjwa aishike mwenyewe.
3. Peleka bomba na sindano yake moja kwa moja kwenye sanduku, vyote kwa pamoja. Usivitenganishe, usiikunje sindano, usiivunje.
4. Achia. Usisukume kwa kidole.
5. Baada ya hapo ndipo uandike kadi na kumwita mwingine.

Usirudishie kifuniko. Ukilazimika, kwa mfano umevuta dawa na mtoto bado hajatulia, laza kifuniko mezani, ukichote kwa ncha ya sindano ukitumia mkono mmoja tu, kisha kikandamize kwenye kitu kigumu. Mkono wa pili ukae nyuma ya mgongo. Jizoeze na sindano mpya mpaka uache kufikiri.

Kwa mtoto au mgonjwa asiyetulia, tafuta mtu wa kumshika kabla hujafungua pakiti. Kwa mtoto, mwonyeshe mama namna ya kumpakata: miguu ya mtoto katikati ya magoti yake, mkono mmoja ukiwa umeshika mikono ya mtoto.

Mtu wa maabara: damu ya kwenye bomba usiisukumie kwenye chupa ya sampuli iliyoshikwa na mkono wa pili. Simamisha chupa kwenye kishikizo chake kwanza.

Utajua umefanikiwa ukichungulia sanduku, kwa macho tu, usione hata sindano moja yenye kifuniko.

## Hatua ya 6: Leba na chumba cha kushonea

Leba ina damu nyingi kuliko chumba kingine chochote cha zahanati, na mkunga mara nyingi yuko peke yake. Mkoba wa vifaa vya kinga ukae ndani ya leba, usifungiwe stoo ambayo ufunguo wake umelala nyumbani kwa mtu.

Vaa kwa mpangilio huu: mabuti, aproni, barakoa, miwani, kisha glavu. Miwani ndiyo inayoachwa zaidi, na macho hayana ngozi ya kuyakinga. Chupa ya uzazi ikipasuka kwa nguvu hupiga usoni.

Kukata kitovu: bana sehemu mbili, sukuma damu iliyo katikati kabla ya kubana mara ya pili, funika mahali pa kukata kwa shashi, ndipo ukate. Bila shashi damu hurukia uso wako na wa mama.

Kutoa kondo la nyuma kwa mkono kunahitaji glavu ndefu. Kama hazipo, vaa glavu tasa za kawaida, kisha kata vidole vya jozi nyingine tasa na uipandishe mpaka kwenye kiwiko, halafu vaa jozi ya tatu mkononi juu ya hizo. Si starehe, lakini inakinga.

Kushona mama aliyeongezwa njia au aliyechanika ndiko kunakojeruhi kidole cha shahada. Watu huingiza kidole kuihisi ncha ya sindano inapotokea. Ishike sindano kwa koleo yake na nyama kwa koleo nyingine, na ncha itafutwe kwa koleo, kidole kisiitangulie. Leta taa. Wengi hutumia kidole kwa sababu hawaoni.

Mkiwa wawili, msikabidhiane chenye ncha kali mkono kwa mkono. Anayetoa anakiweka kwenye sahani ya chuma na kusema "sindano", anayepokea anakichukua pale.

Kwa vituo vinavyoongeza damu: tumia damu iliyotoka kwenye mfumo wa taifa wa damu salama, iliyopimwa VVU, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Ndugu wa mgonjwa akiwa tayari kutoa papo hapo, damu yake nayo ipimwe yote manne, hata kama ni baba mzazi.

## Hatua ya 7: Klorini na damu iliyomwagika

Klorini inakosewa kwa sababu watu wanakadiria kwa macho. Hesabu yake ni fupi. Gawanya asilimia iliyoandikwa kwenye chupa kwa asilimia unayoitaka, toa 1. Jibu ni idadi ya vipimo vya maji kwa kila kipimo 1 cha dawa.

Mfano: Jik ya asilimia 3.5, na unataka asilimia 0.5. Tatu nukta tano gawanya kwa nukta tano ni 7, toa 1 ni 6. Yaani kipimo 1 cha Jik, vipimo 6 vya maji. Huna jagi? Mimina chupa nzima kwenye ndoo, kisha chupa hiyohiyo ijaze maji mara 6. Kama chupa imeandikwa asilimia 5, maji yatakuwa vipimo 9. Soma chupa kila mnapopokea shehena mpya, maana nguvu hubadilika kulingana na mtengenezaji.

Klorini ya unga ya asilimia 70 inahitaji gramu 7 kwa lita 1 ya maji. Ya asilimia 65 inahitaji karibu gramu 8. Pima mara moja kwenye mizani ya maabara, uone inajaza kijiko gani mpaka wapi, utie alama kwenye kijiko hicho.

Changanya mahali penye hewa, kwa maji baridi, kila siku upya. Bandika kwenye ndoo tarehe, saa na jina la aliyechanganya. Funika na uiweke mbali na jua, kwa sababu joto na mwanga huidhoofisha. Usiichanganye kamwe na siki, dawa nyingine za choo wala amonia: hutoa gesi inayochoma mapafu.

Damu ikimwagika sakafuni:

1. Zuia watu wasipite. Vaa glavu nene, na aproni kama damu ni nyingi.
2. Okota vipande vya chupa au sindano kwa koleo, kamwe si kwa vidole, uvitie kwenye sanduku la usalama.
3. Nyonya damu kwa kitambaa au karatasi, tupa kwenye mfuko wa taka za maambukizi.
4. Osha mahali hapo kwa maji na sabuni, usuuze.
5. Mimina klorini ya asilimia 0.5, iache dakika 10.
6. Pangusa kwa maji safi. Dekio lililotumika lioshwe, liloweshwe kwenye klorini, lisuuzwe na kuanikwa. Vua glavu, nawa mikono.

Tunaondoa damu kwanza kwa sababu damu hula nguvu ya klorini. Kumwagia klorini juu ya bonge la damu na kupiga deki papo hapo kunaondoa wekundu tu. Usitumie chupa ya kupulizia pia, maana hurusha matone hewani.

## Hatua ya 8: Vifaa vinavyorudiwa kutumika

Kuna ubishi hapa, bora uufahamu. Miongozo mingi ya kwetu huanza kwa kuloweka vifaa kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2016, halipendekezi kuloweka vifaa kwenye dawa kabla ya kuviosha, kwa sababu klorini huvila vyuma na kumfanya mtu adhani vimeshakuwa salama. Fuata wizara yako, lakini ukiloweka, dakika 10 ziwe 10. Mikasi iliyolala ndani ya klorini usiku kucha huota kutu, na kutu huficha damu.

Kinachofuata hakina ubishi: kuosha. Vaa glavu nene na miwani. Fungua mikasi na koleo, sugua meno na maungio kwa brashi laini vikiwa chini ya maji ya sabuni, ili visikurukie usoni. Suuza, kausha.

Kisha takasa:

- Otoklevu (mashine ya kutakasa kwa mvuke wenye mgandamizo): nyuzi 121, dakika 20 kwa vifaa visivyofungwa, dakika 30 kwa vilivyofungwa. Hesabu dakika baada ya joto na mgandamizo kufika, usihesabu tangu ulipowasha jiko.
- Joto kavu: nyuzi 170 kwa saa 1, au nyuzi 160 kwa saa 2.
- Kuchemsha: dakika 20 tangu maji yaanze kutokota, vifaa vikiwa vimezama vyote. Ukiongeza kifaa katikati, anza kuhesabu upya. Kuchemsha hakuui kila kimelea, kwa hiyo kuwe suluhisho la siku otoklevu imeharibika.

Utajua umefanikiwa kila pakiti ikiwa kavu, na utepe wa kipimo uliobadilika rangi, na tarehe. Pakiti iliyolowa ihesabu kuwa haijatakaswa.

## Hatua ya 9: Safari ya taka

Tenga taka palepale zinapozaliwa. Mfuko mweusi ni wa taka za kawaida, wa njano ni wa zenye maambukizi kama shashi na glavu zenye damu, mwekundu ni wa zenye maambukizi makali na viungo vya mwili. Chenye ncha kali kiende kwenye sanduku tu. Mfuko hauzuii sindano.

Sanduku likifika robo tatu, lifunge. Lile la lita 5 hubeba kama mabomba 100. Usilitikise ili yashuke, usilifungue, usilimimine kwenye jingine. Andika tarehe na chumba, libebe kwa mshikio wake, mbali na mwili.

Tanuri linalofanya kazi vizuri huunguza kwa zaidi ya nyuzi 800 na kubakiza majivu na vyuma vilivyoungua, ambavyo huzikwa kwenye shimo la majivu. Moto wa shimo la wazi huunguza karatasi na plastiki tu, sindano zikabaki nzima na makali yake, na watoto wanaookota vitu huzipata. Kama huna tanuri, panga na kituo jirani chenye nalo, au tumia shimo maalumu lenye mfuniko wa zege na bomba la kudondoshea. Shimo lolote liwe angalau mita 50 kutoka kwenye kisima, liwe na uzio na kufuli. Kondo la nyuma lina shimo lake lenye mfuniko.

Anayechoma taka avae mabuti, glavu nene, aproni, miwani na barakoa. Na asipewe kazi hiyo kibarua aliyeokotwa getini asubuhi hiyo.

## Hatua ya 10: Umejichoma, ufanye nini

Dakika za kwanza. Acha kazi. Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikamue, usinyonye, usitie Jik wala spiriti; kukamua na kemikali huumiza nyama na hakutoi virusi. Damu ikiingia jichoni, lisuuze kwa maji safi au saline kwa dakika 10 hadi 15. Ikiingia mdomoni, tema na usukutue.

Ndani ya saa ile. Mwambie mkuu wa zamu. Mwombe mgonjwa kipimo kwa heshima na kwa ridhaa yake: "Baba, nimejichoma na sindano niliyokuchomea. Naomba tukupime ili nijue nitumie dawa gani. Majibu ni siri yako." Wengi hukubali. Wewe pia unapimwa siku hiyohiyo VVU, homa ya ini B na C.

Anza PEP. Ndani ya saa 2 ikiwezekana, na isipite saa 72. Kwa kawaida ni kidonge kimoja kwa siku chenye TDF, 3TC na DTG (tenofovir, lamivudine na dolutegravir), kwa siku 28. Usisubiri majibu ya mgonjwa. Akionekana hana VVU, mtaalamu ataamua kama dawa ziachwe. Mweleze mtaalamu ukiwa na ugonjwa wa figo, mjamzito au unanyonyesha. Kipimo kikionyesha una homa ya ini B, usiache dawa mwenyewe, hata siku 28 zikiisha, kwa sababu ini linaweza kuchachamaa.

Dozi za kuanzia zikae leba, kwenye kabati ambalo mwenye zamu ana ufunguo wake. Kliniki ya CTC, yaani ya matunzo na tiba kwa wenye VVU, imefungwa jioni, na mkunga anayejichoma saa 8 usiku wa kuamkia Jumamosi akiambiwa "njoo Jumatatu" atakuwa amepoteza zaidi ya saa 50 kati ya zile 72.

Homa ya ini B. Kama hukukamilisha chanjo, anza dozi ndani ya saa 24, pamoja na kinga ya sindano ya antibodi pale inapopatikana. Homa ya ini C haina chanjo wala dawa ya kinga, lakini ikigundulika mapema inatibika kwa vidonge, mara nyingi kwa wiki 12. Ndiyo sababu usikose vipimo vya baadaye.

Ufuatiliaji. Pima VVU tena wiki 6 na miezi 3 baada ya tukio, na fuata ratiba ya kituo kwa ini. Hadi hapo tumia kondomu, wala usichangie damu.

Andika. Daftari la matukio liwe na tarehe, saa, chumba, aina ya sindano, kilichokuwa kikifanyika na sanduku lilikuwa wapi. Jina la mhusika lihifadhiwe kwa siri. Mkuu wa kituo asimkaripie aliyejichoma. Akikaripiwa mmoja, wanaofuata wote watanyamaza, na mtu aliyenyamaza hapati PEP. Swali la kuuliza ni kitu gani chumbani kihamishwe, nani atakihamisha, na kabla ya zamu ipi.